Mbegu isiyo na punje: miti ya kupanda na chupa ya maji katika nyumba zetu

Ukiuliza mwanafunzi wa sekondari mbegu ni kitu gani, atakuchorea haragi: ngozi ya inje, vipande viwili, na kale kamuti kadogo ndani. Mwalimu atamupa pointi zote, na ni haki. Lakini akirudi nyumbani, chakula anachokuta kwenye sahani, yaani bugali ya mihogo, sombe, viazi, ndizi, chote kimetoka kwa mbegu ambayo haina punje. Muhogo unapandwa na kipande cha muti wake. Viazi vinapandwa na kamba. Mugomba unapandwa na mutoto wake. Mutu anayetaka kuandika historia ya kilimo chetu kwa kufuata punje peke yake, atasahau nusu ya shamba na labda zaidi.

Musomaji mpendwa, katika kurasa hizi tutafuata ile mbegu ingine. Waagronomu wanaiita kwa Kifaransa bouture, Kiswahili cha vitabu kinasema kipandikizi, wamama wa mashamba wanasema tu "miti" ao "kamba". Iko na tabia moja ambayo inaeleza karibu historia yake yote: haikubali kulala. Punje ya mahindi inaweza kulala juu ya moshi wa jiko mwaka mzima. Muti wa muhogo uliokatwa, ukisimamishwa katika kivuli pahali penye hewa, unaweza kungoja wiki nane hivi. Kamba ya viazi inangoja siku chache tu. Baada ya hapo ni lazima ipate udongo, ao maji, kama sivyo inakufa. Ndiyo maana mbegu ya namna hii haikukaa kwa mufanyabiashara. Ilikaa kwa jirani.

Na tabia ya pili, ambayo wengi hawaifikirie: kipande si mutoto wa ule muti kama vile punje ilivyo mutoto. Ni muti wenyewe. Muhogo unaokula leo Walungu ao Fizi unaweza kuwa ni muti mumoja uliokatwa na kupandwa, kukatwa na kupandwa, tangu wakati wa wazee wa wazee wetu. Utamu wake umefika bila kubadilika. Ugonjwa wake pia.

Mbele ya muhogo

Wazee wetu hawakungoja muhogo ili wajue kazi hii. Ndizi na viazi vikuu vilikuwa vinapandwa na vipande zamani sana katika inchi za Maziwa Makubwa. Sitakawia hapo. Lakini kuna muti mumoja unaostahili maneno mawili, ni mulumba, ule muti wa jamii ya Ficus ambao ngozi yake ilipigwa na nyundo ya muti mpaka ikawa nguo. Haukuoteshwa na punje. Walikata tawi nene kama mukono wa mutu muzima, wakaliacha kwanza lile ziwa jeupe likauke kwenye kidonda, kisha wakalichimbia mwanzo wa mvua. Tawi lile lilikuwa nguzo ya lupango leo, na muti mukubwa kesho. Ng'ambo ya ziwa, katika Rwanda, umuvumu unaoonekana peke yake katikati ya shamba unaonyesha mara nyingi pahali palipokuwa na makao ya zamani, hata makao ya mwami. Nyumba ilioza, watu walihama, nguzo ya lupango ilibaki ikiota.

Ile mimea ya mupaka ambayo wataalamu wanaiita Dracaena inafanya kazi ya namna hiyo. Kipande chake kinaota karibu popote, hata ukikitupa. Kwa hiyo katika mabishano ya mashamba wazee hawatafute kwanza karatasi, wanatafuta ule muti. Kwa mwalimu wa historia hiki ni kitu cha kufurahisha: archive ambayo inamea.

Safari ya muhogo

Muhogo ni muti wa Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta kutoka Brazil mpaka kwenye pwani ya Kongo katika karne ya 16. Kutoka pale uliingia ndani ya inchi. Mwaka 1798, wakati Mureno Lacerda alifika kwa Mwata Kazembe, karibu na muto Luapula, muhogo ulikuwa tayari chakula cha kila siku katika inchi ile. Livingstone naye alifika kwa Kazembe mwezi wa 11 wa 1867 na akakuta mashamba makubwa ya muhogo.

Tupime kidogo maana ya jambo hili. Kutoka bahari ya Atlantiki mpaka Luapula ni zaidi ya kilometa 1 500. Hakukuwa na gari wala moniteri wa kilimo. Musafiri aliyebeba fungu la miti alikuwa na wiki chache tu, kisha alilazimishwa kulipanda pahali fulani, kwa mutu fulani aliyekubali kumupa udongo. Pale ilipaswa kungoja mwaka mzima hivi mpaka miti ikomae. Kisha mwingine akakata, akabeba, akapanda mbele kidogo. Kila hatua ya safari hii ilikuwa na muji uliopokea. Misafara ya Walunda ilisaidia, hilo linajulikana. Lakini mimi nafikiri pia juu ya wanawake walioolewa mbali na kwao, na juu ya mashemeji waliotembeleana, juu hakuna mutu anayerudi na mikono mitupu kutoka shamba la shemeji.

Tulinganishe na mupunga wa Maniema. Mupunga uliingia Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19 pamoja na Waungwana na misafara yao ya pembe na ya watumwa. Ulikuja katika magunia, ukafuata barabara ya biashara na bunduki. Kila mutoto wa Kasongo anaweza kukuambia ni nani waliouleta. Muhogo hauna mutu kama huyo. Ulipita katika mikono mingi sana, na hakuna hata mumoja aliyeona kwamba anafanya jambo la kuandikwa.

Shamba la Leta

Katika milima ya Kivu mambo hayakwenda vile. Kule juu, baridi inamuchelewesha muhogo, unaweza kungoja miaka miwili bila kuvuna vizuri, na wazee walikuwa na ndizi, maharagi, mutama na viazi. Muhogo ulienea kwa nguvu ya serikali ya Wabelgiji. Ordonansi ya tarehe 20 mwezi wa 2, 1917, iliamuru mazao ya lazima, na kila mukulima alipaswa kutoa mpaka siku 60 kwa mwaka juu ya kazi hiyo. Mwaka 1942, katika vita ya dunia, siku zile ziliongezwa mpaka 120. Pamba na mengine yalikuwa ya kuuzisha, muhogo ulikuwa akiba juu ya njaa.

Njaa yenyewe haikuwa hadisi. Rwanda ilipata Rumanura wakati wa vita ya kwanza, kisha Rwakayihura katika 1928 na 1929, kisha Ruzagayura katika 1943 na 1944, na watu wengi walivuka kuja upande wa Kongo kutafuta chakula. Baada ya Rwakayihura, watawala walilazimisha kule pia mihogo na viazi, sababu vinangoja ndani ya udongo, nzige hawavifikie na mutoza kodi havioni.

Wengine wanasema leo kwamba lile shamba la Leta liliokoa watu. Ni kweli, liliokoa. Lakini lilibadilisha pia kitu fulani ambacho vitabu vya historia havikitaje. Mbegu ya zawadi mutu anaichagua: anaangalia muti wa jirani, anaonja muhogo wake, anauliza kama ni mutamu ao muchungu, kama unavumilia kiangazi. Mbegu ya amri inapokelewa vile ilivyo, katika fungu, na moniteri anapima shamba kwa kamba. Watu walipanda bila kuangalia. Na muti usioangaliwa unaingia shambani na kila kitu kilicho ndani yake.

Chupa dirishani

Hapa tunafika kwenye ile desturi ndogo ambayo wageni wanaidharau, ya kuotesha vipande katika maji ndani ya nyumba.

Sababu yake kwetu ni kiangazi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua ya mwezi wa tisa, kamba za viazi zinakauka mulimani. Wenye shamba katika bonde lenye maji wanazilinda kule. Asiye na bonde anakwenda kuomba kwa mwenye nalo, na maneno ni karibu yale yale kila pahali:

– Tantine, unigawie kamba mbili tatu.

– Kata, mutoto wangu, lakini umuachie mama yake macho.

Macho ni vile vifundo ambamo jani linatokea. Ndani ya neno hili kuna somo zima la botaniki: jicho ndilo linatoa tawi juu na mizizi chini, na mama aliyeachiwa macho ataota tena. Mwenye kuomba anarudi na kamba chache, mvua bado, udongo mugumu kama tofali. Anaziweka wapi? Katika maji. Zamani ilikuwa chungu kilichopasuka ukingo, leo ni chupa ya kioo, kopo la mafuta, ao bidon ya plastiki iliyokatwa katikati. Katika mitaa ya Bukavu inayopanda mulima, ambako nyumba zimebanana na hakuna hata mita mbili za shamba, utaona chupa hizo dirishani: kamba za matembele, tawi la mubirizi kwa ajili ya dawa ya tumbo, na yale majani yenye rangi nyekundu na kijani ambayo wanapenda kupamba nayo saluni.

Namna ya kufanya iko rahisi, lakini iko na sheria. Unachukua kichwa cha kamba, urefu wa sentimeta 25 ao 30, kutoka kwa muti wenye afya. Unakata chini kidogo ya jicho, na kisu kikali, si kwa meno. Unaondoa majani ya chini, juu jani lililolowa linaoza na linaozesha maji yote. Macho mawili yawe ndani ya maji, mengine inje. Unaweka penye mwangaza, si penye jua kali. Kila siku mbili unabadilisha maji, kwa sababu mbili: maji yaliyokaa yanakosa hewa na muzizi pia unapumua, tena maji yaliyokaa yanazaa mbu. Kisha siku nne ao tano, viazi vinaonyesha mizizi myeupe. Usingoje iwe mirefu kama ndevu. Mizizi ya maji ni laini, inavunjika, na ikizoea chupa sana itateseka udongoni.

Si kila muti unakubali. Mulumba tumeona unataka kukauka kwanza. Muti muzee wa muhogo, ule wa kahawia wenye macho makavu, ukiutumbukiza katika chupa utaoza, afadhali udongo wenye unyevunyevu. Lakini chipukizi changa cha muhogo, kile kijani laini kinachotoka kwenye jicho, kinaota mizizi katika maji vizuri kabisa. Hilo tulishike, tutalirudilia.

Ulaya nayo ilijiuliza juu ya jambo hili. Mwaka 1699, Mwingereza John Woodward alitangaza majaribio aliyofanya na minti katika chupa: moja na maji ya mvua, ingine ya chemchemi, ingine ya muto Thames, ingine maji yaliyochanganywa na udongo wa bustani. Ile ya udongo ilishinda, naye akaelewa kwamba maji peke yake hayatoshi kulisha mumea. Mama wa Kadutu hakusoma Woodward, lakini naye anahamisha kamba udongoni mbele haijawa njano. Sababu ya mizizi yenyewe ilingoja sana. Mwaka 1928 Muholandi Frits Went alionyesha kwamba ncha ya mumea inatengeneza dawa fulani ya kuotesha, inayoitwa oksini. Dawa hiyo inashuka katika muti. Ukikata muti, inafika kwenye kidonda na haina pahali pa kwenda, inajikusanya pale, na mizizi inazaliwa. Ndiyo maana muti uliopandwa kichwa chini unahangaika: kwake juu inabaki juu, hata ukiugeuza.

Kile kinachosafiri ndani ya muti

Sasa tuseme juu ya upande muchungu wa zawadi hii.

Ugonjwa wa mozaiki, ule unaofanya majani ya muhogo kujikunja na kuwa na madoa ya njano, uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika inchi ambayo leo ni Tanzania, wakati wa Wajerumani. Kadudu keupe karukako kanaueneza kutoka muti hadi muti. Lakini kadudu hakapite mbali sana. Mutu ndiye anaubeba mbali, katika fungu la miti begani. Mwisho wa miaka ya 1980 mozaiki kali ilianza kuharibu mashamba ya Uganda, na katika miaka iliyofuata ikafika kwetu, ikatembea pamoja na watu katika miaka ile ile ya vita.

Mbele yake kulikuwa na kadudu kengine, keupe kama unga, kaliyoonekana mwaka 1973 katika eneo la Kinshasa na Brazzaville. Kalitoka Amerika ya Kusini, na njia inayowezekana zaidi ni vipande vya muhogo vilivyosafirishwa. Kwa miaka kumi hivi kaliharibu mihogo katika inchi nyingi za Afrika. Dawa yake ilipatikana kule kule kalikotoka: mwaka 1981 katika Paraguay walivumbua kanyigu kadogo sana kanakokala, na kazi ya kukaeneza Afrika ilimupatia Muswisi Hans Herren Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Kwa upande wa mozaiki, msaada ulitoka pia kwa muti, na safari yake ni nzuri kuliko hadisi. Kuanzia miaka ya 1930, kwenye kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, Storey na Nichols walizalisha muhogo pamoja na ndugu yake wa pori, ule muti wa kauchu wa Ceará. Uzao wa kazi yao ulikwenda Nigeria katika miaka ya 1950, ukatumiwa baadaye na IITA ya Ibadan, na kutoka huko ulirudi katika Zaïre yetu, ambako programu ya taifa ya muhogo, PRONAM, ilianzishwa mwaka 1974 kule M'Vuazi. Kutoka Usambara mpaka Kivu hapako mbali, lakini muhogo ulizunguka bara zima mbele ya kufika.

Shida ya mbegu mupya ilikuwa wingi. Muti mumoja wa muhogo unatoa kwa mwaka vipande kumi hivi vya kupanda. Ukiwa na miti ishirini mizima, na wilaya nzima inangoja, utahesabu miaka mingapi? Katika miaka ya 1970 watafiti wa CIAT, kule Kolombia, walitafuta njia ya haraka. Walikata miti kuwa vipande vya macho mawili, wakavilaza katika unyevunyevu, na vilipotoa chipukizi changa, wakazikata zile chipukizi na kuzisimamisha katika chupa za maji yaliyochemshwa mpaka zitoe mizizi. Kutoka muti mumoja walipata maelfu badala ya kumi. Unasoma vizuri: laboratwari kubwa ya dunia juu ya muhogo, na dawa yake ni chupa ya maji. Tofauti na mama wa Kadutu ni kwamba wao walichemsha maji kwanza, na tofauti hiyo si ndogo, sababu inazuia uozo.

Kwa maoni yangu chupa iko na faida ingine ambayo hatujaitumia sana. Shambani, muti ulioletwa unaingia udongoni siku ile ile, pamoja na mingine mia, hakuna anayeuangalia tena. Ndani ya nyumba, chipukizi inakaa mbele ya macho wiki mbili tatu. Likitoka jani lenye madoa na kujikunja, unalitambua na unachoma kipande kile. Bila shaka chupa haione yote. Muti unaweza kuficha mozaiki mwanzoni. Na kuna ugonjwa mwingine, unaoozesha muhogo ndani kwa mistari ya kahawia wakati majani yanaonekana karibu mazuri, ambao wataalamu waliuhakikisha upande wetu wa mashariki mwaka 2012. Ule hauonekane katika chupa. Inabidi kupasua muhogo wa mama yake mbele ya kuomba miti yake, jambo ambalo adabu yetu haikuzoea. Nani atapasua muhogo wa tantine mbele yake?

Hapo ndipo desturi inabanwa. Wazee walisema mbegu ya muti haiuzishwe, inagawiwa. Leo kando ya barabara miti ya Sawasawa na ya aina zingine inauzishwa kwa mafungu, na mwenye kununua anageuza fungu, anachunguza, anakataa, anaenda kwa mwingine bila haya. Soko limeleta ruhusa ya kuchagua ambayo zawadi iliiondoa. Lakini soko halimufikie yule asiye na franga, na tangu 1996 watu wa aina hiyo tunao wengi. Wanaokimbia vita hawabebe shamba. Wakirudi kisha miezi sita ao miaka miwili, punje za akiba zimeliwa ao kuibiwa, miti imekauka, ng'ombe wamekula kamba. Kitu cha kwanza wanachoomba kwa waliobaki, mara nyingi mbele ya nguo, ni miti na kamba.

Na wanapewa. Nimeona wamama katika mitaa ya muji wakifungia kamba katika kitambaa kilicholowa, wakiziweka juu kabisa ya muzigo wa mutu anayerudi mulimani, ili zisibanwe. Zilikuwa zimekaa dirishani siku sita. Mizizi yake ilikuwa na urefu wa kucha.